Sifuri Kati ya Ishirini

Jumatatu, 2 Machi

Muhula umeanza kwa kikao, na kikao kimeanza kwa projekta kugoma. Tumekaa nusu saa tukitazama ukuta mweupe huku mwalimu wa TEHAMA akichomoa waya na kuchomeka waya. Huyu bwana kila ukimuuliza jambo anajibu "bofya tu", ndiyo maana chuo kizima kinamwita Bofya, na mwenyewe hana neno.

Projekta ilipokubali, Mkuu wa Chuo akatangaza kwamba muhula huu somo langu la Muziki litafundishwa kwa hadithi za kidijitali. Kila mwanachuo atengeneze hadithi ya dakika tatu yenye picha, sauti yake mwenyewe akisimulia, na muziki ndani yake. Hadithi imfundishe mtoto wa darasa la pili jambo moja tu la muziki: mapigo, au kasi, au sauti za juu na za chini. Nikauliza tuna kompyuta ngapi. Nne. Zinazowaka? Mkuu akamtazama Bofya, Bofya akatazama viatu vyake.

Mimi na Mkuu tulianza kazi hapa mwaka mmoja. Yeye akapanda cheo, mimi nikabaki na kinanda. Aliniona uso ulivyonivimba akaniambia, "Mwenzangu, jaribu kwanza, utanilaumu baadaye." Nimeshaanza kumlaumu.

Jumatano, 4 Machi

Wanachuo thelathini na mmoja. Wote watakuwa walimu wa watoto wadogo, na wote wanasoma Muziki kwa sababu ni lazima, kama watu wanavyomeza dawa.

Kiranja wa darasa ameshauliza kama hadithi yake inaweza kuwa ya dakika kumi. Nimemwambia tatu. Ameuliza kama inaweza kuwa ya tano.

Yupo pia yule binti ambaye wenzake wanamwita Kimya. Anarudia somo. Kila mwanachuo hufanya zoezi la sikio: napiga sauti mbili kwenye kinanda, anaandika ipi iko juu, ya kwanza au ya pili. Jozi ishirini. Ukipata kumi na mbili umepita. Mara ya kwanza Kimya alipata moja. Mara ya pili alipata sifuri. Yaani ndio kwanza anazidi kushuka. Kanuni ya chuo inasema akianguka mara ya tatu anaondolewa, bila cheti, hata kama masomo mengine yote amefaulu. Na amefaulu, tena vizuri. Hana sikio tu, maskini, na sikio halinunuliwi.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Chumba cha muziki kimeezekwa bati lisilo na dari. Ikinyesha, hata mimi sijisikii.

Jumanne, 10 Machi

Bofya amewafundisha wanachuo kupanga picha na sauti. Mimi nimekaa nyuma kama mkwe. Amesema "bofya tu" mara ishirini na sita, nimehesabu. Kuna kitu kinafanya picha moja iondoke na nyingine iingie: inaweza kuyeyuka, kuzunguka, kupasuka kama kioo. Kiranja amevitumia vyote katika picha nne. Nimeshuka ngazi nikiwa na kizunguzungu.

Nilimuuliza Bofya, muziki uko wapi katika haya yote? Akanijibu, "Muziki unaweka mwisho, mama. Unauburuta tu, unaudondosha hapa chini." Miaka kumi na tisa nafundisha, sikujua kuwa muziki ni kitu cha kuburuta.

Jumapili, 15 Machi

Jirani amenunua spika. Mlio wake ni mnene, unatikisa vijiko mezani. Mume wangu akaweka gazeti chini, akasema, "Huyu kaweka sauti juu mno."

"Si juu," nikamwambia. "Ni kubwa. Juu ni kitu kingine. Hiyo sauti iko chini kabisa, sema ni kubwa."

"Ilimradi umenielewa."

Ndoa yetu ina miaka thelathini, na neno hilo namsahihisha tangu tukiwa wachumba. Anafanya makusudi sasa, najua.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Hatukurekodi.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Tulirekodi. Kiranja amerekodi dakika nne za bati.

Alhamisi, 26 Machi

Leo nakiri jambo, na ninalikiri humu tu. Bofya si mjinga kama nilivyodhani. Baada ya wiki nzima ya kugombana na mvua alinichukua mpaka stoo ya bweni ambako wanaweka magodoro ya akiba. Akafunga mlango, tukasimama katikati ya magodoro yaliyopangwa mpaka juu, na mvua ikapotea. Nilisikia pumzi zangu.

"Studio hii, mama," akasema, kwa fahari kama kaijenga yeye.

Wanachuo wameanza kuingia mmoja mmoja. Unamsikia mtu akisimulia kama mtu, si kama anayeita gari linalomwacha. Binti mmoja amesimulia habari ya kasi kwa nyayo za bibi yake na nyayo zake mwenyewe wakienda kisimani, na kwa kweli nilitabasamu. Kisha Kiranja akaingia akakaa saa nzima.

Kinanda nacho kimezidi kuharibika. Ukigusa sauti nene zinanguruma, zile nyembamba zinalia kwa mbali kama mtu aliyefungiwa chooni. Nimeandika barua ya kuomba kingine. Hii ni barua ya saba.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua. Kiranja amefika dakika sita.

Ijumaa, 17 Aprili

Zoezi la sikio. Nimewaita mmoja mmoja, kama kawaida, na karatasi nimezisahihisha palepale.

Wengi wamepita. Kiranja kapata kumi na sita, na amenieleza kwa nini zile nne zilikuwa kosa la kinanda.

Kimya aliingia wa mwisho. Alikaa wima, mikono mapajani, macho ameyafumba kabisa wakati napiga. Anasikiliza kwa bidii kuliko wote, hilo lazima niseme. Aliandika bila kusita hata mara moja. Nilipochukua karatasi nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo nione kumi na mbili. Sifuri. Zote ishirini kakosa.

Hakuuliza. Karatasi za zoezi haturudishi, zinafungiwa kabatini, ndio utaratibu. Lakini aliniangalia usoni akajua. Akasema, "Asante, mwalimu," akatoka. Nimekasirika, na sijui namkasirikia nani. Ningempa kumi na mbili za huruma, watoto wangekuja kufundishwa kuimba na mtu asiyesikia.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimetia sahihi orodha ya walioanguka. Ina jina moja. Imekwenda kwa Mkuu. Kamati ya Taaluma inakaa tarehe 15 Mei, na mpaka hapo Kimya anaruhusiwa kuendelea na hadithi yake. Sijui kama huo ni wema au ni ukatili.

Jumanne, 28 Aprili

Tumeanza kutazama hadithi ukutani. Kumi na mbili leo. Nane zina jua linalochomoza. Kwa nini kila kitu lazima kianze na jua linalochomoza? Mtoto anafundishwa mapigo, jua la nini?

Ya Kimya ilikuwa ya mwisho, na haikuwa na jua. Amechora kwa kalamu za rangi, akapiga picha michoro yake. Inaonyesha gitaa lililolazwa ubavu kama nyumba ya ghorofa sita, kila waya ni ghorofa, na kila ghorofa ina mkazi. Gitaa ni la mjomba wake, fundi baiskeli, aliyemfundisha kulipiga tangu akiwa na miaka saba. Alilipiga mwenyewe ndani ya hadithi, na alilipiga vizuri mno, nikashangaa mtu asiye na sikio anawezaje.

Kisha akaharibu. Sauti yake ikasema, taratibu na kwa kituo: "Ghorofa ya juu kabisa anakaa Baba Mkubwa. Ukitaka sauti ya juu, panda kwake." Na waya ulipopigwa, ukatoka mlio mnene kuliko yote. Halafu: "Chini kabisa anakaa Kitindamimba. Ukitaka sauti ya chini, shuka umgongee mlango." Ukalia ule mwembamba, kama ndege.

Kinyume. Yote kinyume, mwanzo mpaka mwisho, na darasa zima linacheka. Nikazima projekta. Nimemwandikia kwa kalamu nyekundu: SAUTI YA JUU, REKEBISHA. Yaani hata katika hadithi anayoitunga mwenyewe, kwa gitaa alilolizoea, bado anakosea. Nimerudi nyumbani kichwa kinagonga.

Jumatatu, 4 Mei

Kimya ameleta hadithi iliyorekebishwa. Bofya alikuwepo, anafunga waya zake. Tukaitazama. Baba Mkubwa yuko juu vilevile, Kitindamimba chini vilevile. Tofauti ni moja tu: mlio wa Baba Mkubwa umekuwa mkubwa, madirisha yamelia.

"Nilikuambia urekebishe," nikasema.

"Nimerekebisha, mwalimu. Uliandika sauti ya juu. Nimeiongeza."

Nilihesabu mpaka kumi. Nikamwambia aende, tutaongea kesho. Alipotoka nikamgeukia Bofya, maana maji yalikuwa yamenifika shingoni na sikuwa na mtu mwingine wa kumlalamikia. Nikamwambia nimefanya kila niwezalo kwa binti huyu, lakini mtu aliyepata moja, halafu sifuri, halafu sifuri tena, utamsaidiaje?

Bofya akaacha waya. "Sifuri kati ya ngapi?"

"Ishirini."

"Na majibu ni mawili tu, ya kwanza au ya pili?"

"Mawili tu."

"Mama, hiyo haiwezekani."

"Haiwezekani vipi, na ninazo karatasi?"

"Mimi sijui muziki," akasema. "Lakini nikiingia kwenye zoezi lako nimetia pamba masikioni, nikaandika tu ovyo, nitapata kumi. Au tisa, au kumi na moja. Ili nikose zote ishirini, lazima nizijue zote ishirini. Halafu niandike kinyume."

Yeye akarudi kwenye waya zake, kama aliyeniambia saa.

Jumanne, 5 Mei

Sikumpeleka kwenye kinanda. Nilimwambia Kimya alete gitaa, tukaingia stoo ya magodoro, tukafunga mlango.

"Nionyeshe waya wa juu," nikamwambia.

Akalipakata gitaa, akagusa waya ulio karibu na kidevu chake. Ule mnene.

"Nani alikuambia huo ni wa juu?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza nani alimwambia hili ni godoro. "Si huu hapa juu, mwalimu? Mjomba anauita wa juu. Ule kule chini ni wa chini."

Mtu akilipakata gitaa, waya mnene ndio uko juu. Uko juu kweli, karibu na uso wake. Wapiga gitaa wangapi duniani wanasema hivyo, na mimi nimekaa na kinanda changu nikidhani juu ni moja. Tena hata kwenye kinanda hakuna juu wala chini, kuna kulia na kushoto. Juu ni neno tu tulilopewa na waliotufundisha, tukalibeba bila kuuliza.

"Na nikisema sauti ya juu?"

"Ni ya waya wa juu."

"Na watu wakisema weka redio juu?"

"Inakuwa kubwa." Akafikiri kidogo. "Na Baba Mkubwa ni mkubwa pia, kwa hiyo niliona ni kitu kilekile."

Nikamwambia ageuke, atazame ukuta. Nikachukua gitaa, nikapiga jozi ishirini, kwa utaratibu uleule wa zoezi. Ila sikumuuliza ipi iko juu. Nilimuuliza ipi nyembamba. Alijibu zote bila kusita, kama siku ile. Ishirini kati ya ishirini.

Nilimweleza. Nilijitahidi kumweleza vizuri, kuanzia kwenye neno lenyewe mpaka karatasi tatu zilizoko kabatini. Nilitegemea alie, au afurahi. Alikaa juu ya godoro akakunja mikono.

"Kwa hiyo nilikuwa nasikia," akasema.

"Ulikuwa unasikia. Unasikia kuliko wenzako wote."

"Siku ya kwanza ulinipa sauti ukasema nipe ya juu yake. Nikaimba. Ukaniambia nikae kimya kwanza, naharibu."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilidhani jina lile wenzake walimpa kwa sababu ya upole wake.

"Nilikwenda likizo nikamwambia mjomba hajui muziki," akasema. "Nikamwambia amenifundisha uongo. Hatujaongea tangu wakati ule."

Nilimwomba samahani, na neno lenyewe lilionekana dogo hata mimi niliyelitoa. Akasema, "Sawa, mwalimu," kwa sauti ileile anayosemea kila kitu, akalichukua gitaa lake akatoka. Nimebaki na magodoro.

Najichukia leo. Namsahihisha mume wangu neno juu kwa miaka thelathini, mezani, kitandani, mbele ya wageni, na sikuwahi hata siku moja kumsimamisha mwanachuo nikamuuliza yeye juu yake iko wapi.

Jumatano, 6 Mei

Nimekwenda kwa Mkuu. Nilitaka afute lile jina kwenye orodha. Ameniambia orodha ikishasajiliwa ni mali ya Kamati, na kanuni inasema mara tatu.

"Kanuni inasema akianguka mara tatu. Hajaanguka hata mara moja. Mimi ndiye niliyeanguka mara tatu."

"Basi andika hivyo, mwenzangu. Kwa mkono wako, na utie sahihi."

Nimeandika. Kurasa mbili, nikazichana, nikaandika nusu ukurasa.

Jumapili, 10 Mei

Mume wangu amesema spika ya jirani iko juu. Nimenyamaza. Akaja kunigusa paji la uso kama nina homa.

Ijumaa, 15 Mei

Kamati ya Taaluma ina watu saba. Mkuu ndiye mwenyekiti, kisha kuna Makamu wake, Mkutubi, Mlezi wa Wanachuo, na walimu watatu wa masomo mengine. Barua yangu walikuwa nayo mbele yao. Makamu akaisoma kwa sauti kama anasoma kibandiko cha dawa iliyokwisha muda.

Akasema kwa maoni yake mwalimu amemwonea huruma mwanachuo mwishoni mwa muhula, jambo la kibinadamu, lakini neno juu ni neno juu. Kila mtu analijua. Mtoto wa miaka mitatu analijua.

Nilikuwa nimejiandaa. Bofya alikuwa amebeba kinanda mpaka ukumbini bila kuniuliza kwa nini. Nikawaomba wajumbe wachukue kalamu. Nikasema nitapiga sauti mbili, waandike ipi iko juu, bila kushauriana. Makamu akacheka, akachukua kalamu.

Nikapiga. Ya kwanza nene, ikanguruma kama kawaida yake. Ya pili nyembamba, ikalia kwa mbali. Nikakusanya karatasi.

Wanne kati ya saba waliandika ya kwanza. Makamu mmoja wao. Mkuu mmoja wao.

"Umetuchezea," akasema Makamu. "Ile ya pili hukuigonga kwa nguvu."

"Nimezigonga sawasawa. Hivi ndivyo kinavyosikika kinanda nilichotumia kumfanyia mtihani, na wanachuo wote kabla yake. Barua za kuomba kingine ninazo saba."

Mkutubi akauliza, kwa upole tu, jibu sahihi ni lipi. Nikamwambia katika vitabu vya muziki ni la pili, lakini nikimaliza leo sitasema tena ipi iko juu kabla ya kumwonyesha mtu nina maana gani. Kisha nikawawekea hadithi ya Kimya. Sikuibadilisha. Baba Mkubwa juu, Kitindamimba chini. Niliwaomba wausikilize mpangilio wake, sauti sita, kila moja mahali pake, hakuna iliyokosewa hata kidogo isipokuwa kwa jina. Nikasema, mtu aliyepanga hivi mnataka kumwondoa kwa kuwa hana sikio, na ushahidi pekee ni karatasi tatu nilizosahihisha mimi.

Mlezi wa Wanachuo alitaka kuirudia. Tukairudia. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kamati imekubali. Moja, sifuri na sifuri zitasomeka kumi na tisa, ishirini na ishirini, kwa maelezo yangu yaliyotiwa sahihi. Kimya anapata cheti. Nilimkuta nje ya ukumbi, amesimama ukutani na gitaa mgongoni, nikamwambia kabla sijavuta pumzi. Safari hii hakusema sawa mwalimu. Alishuka chini akachuchumaa, akaweka uso kwenye magoti, na mimi nikachuchumaa naye, na Kiranja akapita akatukuta, kwa mara ya kwanza muhula huu hakusema neno.

Nilikuwa nakwenda kumshukuru Mkuu pale mlangoni, akanishika kiwiko. "Mwenzangu," akasema, "na wale wengine?"

"Wengine gani?"

"Miaka kumi na tisa unatoa zoezi hilo kwa neno hilo. Na kinanda hicho hakikuharibika jana."

Jumatatu, 18 Mei

Nimefungua kabati. Nimeanza kwa karatasi za mwaka wa kwanza wa kazi yangu. Vumbi, mende, na mwandiko wangu mwekundu kila mahali. Aliyepata nane au tisa nimemwacha, huyo alikuwa anabahatisha. Ninatafuta waliokosa kupita kiasi.

Bofya amekuja bila kuitwa, amekaa chini ananisaidia kupanga kwa mwaka. Hajasema bofya hata mara moja.

Jumanne, 19 Mei

Kumi na mmoja. Wenye sifuri, moja au mbili ni kumi na mmoja. Saba kati yao waliondolewa chuoni bila cheti.

Sijala.

Alhamisi, 21 Mei

Mvua imekatika. Kimya ameniletea hadithi yake kwa mara ya tatu. Ameongeza mstari mmoja mwanzoni: "Mjomba wangu anaita huku juu. Mwalimu wangu anaita kule juu. Sikiliza kwanza, halafu utaamua uite nini." Nimempa alama zote. Amesema hiyo sauti ya kiume inayocheka mwishoni ni ya mjomba, wamerekodi kwa simu.

Mkuu ameniahidi kwamba wale saba wakipatikana, Kamati itakaa tena. Mmoja nimepata namba yake kwa ndugu yake.

Ijumaa, 22 Mei

Nimepiga. Chumba cha muziki kilikuwa kitupu, muhula umefungwa. Akapokea mwanamume, nyuma yake cherehani inakimbia.

Nikajitaja. Cherehani ikasimama.

"Mwalimu wa Muziki," akasema. "Yule uliyeniambia sina sikio."

"Ndiyo. Huyohuyo."

Alingoja. Nilikuwa nimeandika maneno ya kumwambia, nikayatazama, hayakunifaa hata moja. Nikamwomba dakika mbili tu. Nikamwambia nitapiga mluzi mara mbili, aniambie ule mwembamba ni upi, wa kwanza au wa pili. Nilidhani atakata simu, na angekuwa na haki. Akasema, "Piga."

Nilipiga jozi kumi. Mluzi wangu si mzuri, pumzi zinaniishia. Alijibu kumi zote, nyingine kabla sijamaliza. Nikamwambia amepata zote. Nikamwambia hata wakati ule alikuwa anazipata, kosa lilikuwa langu, niliuliza vibaya na sikumwambia nauliza nini. Nikamwambia habari za Kamati, na cheti, na kwamba naomba msamaha.

Nilimsikia akisukuma kiti nyuma.

"Miaka kumi na minne," akasema. Halafu akaniambia ana watoto watatu, wanapenda sana kuimba jioni, na wakianza tu, yeye hutoka nje akakaa kibarazani mpaka wamalize, asije akasahau akaimba nao, akawaharibia.